Yaya wa Deki ya Sita

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa aproni mbili za buluu, viatu vyeupe vya raba, kipenga cha kuning'inia shingoni na karatasi ya kanuni za kukariri. Meli ilikuwa imefungwa Kilindini. Niliipanda ngazi yake nikiwa nimeshika kamba kwa mikono miwili, mimi binti wa Kikima niliyezoea mito ya Mbooni, ile unayovuka bila hata kukunja sketi. Mabaharia waliokuwa juu walinicheka. Tulipong'oa nanga jioni nilitapika mpaka nikasahau kanuni zote isipokuwa moja, na hiyo moja sijaisahau hadi leo.

Wasichana wa kanisa letu ndio walioniomba niandike. Siku hizi ajenti wanapita sokoni wakitafuta watu wa kwenda kufanya kazi ng'ambo, na wasichana wanataka kujua kazi ya meli ilikuwaje wakati wetu. Nitawaambia. Lakini nikianza nitamaliza yote, hata lile ambalo sijawahi kulisema katika ushuhuda, ingawa nimesimama mbele ya kanisa mara nyingi nikaungama mambo madogo madogo ya kujificha nyuma yake.

Kulea watoto wa watu nilianza Kiboko, kwa bwana mmoja wa utafiti wa mimea. Mkewe tulimwita Memsahibu, na ndiye aliyenifundisha kuchemsha chupa za maziwa dakika kumi nzima na kupima joto la maji ya kuoga kwa kiwiko. Hapo Kiboko ndipo pia nilipompata binti yangu, Mutheu. Baba yake alikuwa dereva wa lori aliyekuwa akisimama kunywa chai, na hadithi yake ni fupi kama chai yenyewe. Nilirudi kujifungulia kwa mama yangu Kikima. Kisha nikaenda Mombasa, katika hoteli moja ya watalii, chini ya bibi mkuu wa vyumba ambaye alikuwa akipitisha kitambaa cheupe juu ya mlango kutafuta vumbi. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa ajenti wa meli.

Ajenti alikuwa mzee mnene mwenye miwani, ameketi nyuma ya meza yenye feni. Alitaka yaya wanne wa chumba cha watoto. Aliuliza jina, dini, kama ninaugua kifafa, halafu akainua kalamu.

"Una mtoto?"

Nikauliza kama hilo lina neno.

"Lina neno sana. Mwaka jana nilipeleka mama ya mtoto mdogo. Akifika Bombei analia, hataki kula, hataki kushika watoto ya wageni. Wakamrudisha. Mimi nikatukanwa. Sasa, uko na mtoto ama huna?"

"Sina," nikasema.

Mutheu alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Nilikuwa nimemwachisha kunyonya wiki ile ile, na chini ya blauzi nilikuwa nimejifunga leso kwa nguvu kwa sababu maziwa yalikuwa bado yanatoka. Ajenti aliandika, nikatia sahihi. Nilijiambia kwamba huo ni uongo wa karatasi tu, kwamba karatasi hainyonyi wala hailii. Ningeweza kusema nilikuwa mchanga, lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijua nilichofanya.

Sasa niwaeleze kazi. Meli ile ilikuwa ya matembezi, yaani haibebi mizigo bali watu wanaolipa ili wazungushwe baharini, wale, walale, washuke bandarini kununua vinyago, kisha wapande tena. Chumba cha watoto kilikuwa deki ya sita, juu kidogo ya jikoni. Deki ni kama ghorofa. Meza zetu zilikuwa na ukingo pembeni ili vikombe visiteleze, na vitanda vya wachanga vilifungwa ukutani kwa ndoano. Bahari ikichafuka, mtoto halazwi kwa urefu wa meli bali kwa upana, akiwa amezungushiwa mito, na unampa biskuti kavu. Tulikuwa pia na zoezi la hatari. King'ora kikipiga mara saba fupi na moja ndefu, kila yaya alishika kamba yenye vitanzi sita, mtoto mmoja kila kitanzi, tukapanda hadi kwenye mashua tukiimba ili wasiogope. Nilizijua nyimbo za Wajerumani na za Wataliano bila kujua maana yake. Niseme bila kujisifu sana kwamba nilikuwa yaya mzuri. Watoto walinipenda, wengine walilia wakichukuliwa.

Mkubwa wetu alikuwa Matroni, Mwingereza mrefu aliyewahi kuwa nesi Nairobi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrisha wapishi. Kanuni ile moja ambayo sikuisahau aliniambia yeye, siku ile ile ya kwanza, kidole chake kikigonga nusu-mlango wa chumba. Ulikuwa mlango mfupi unaofika kiunoni, wazazi walisimama nje na watoto wakabaki ndani.

"Kalekye, sikia. Toto naingia, andika. Toto natoka, uliza. Pengine iko mama, pengine iko mtu ya uongo. Uliza toto, huyu nani? Toto nasema, wewe napa. Toto nanyamaza, hapana pa. Hata kama Kapteni."

Basi hivyo ndivyo tulivyofanya. Mzazi akifika mlangoni, nilipiga magoti kando ya mtoto, nikamwonyesha mtu aliyesimama nje na kumuuliza kwa lugha yake, huyu ni nani? Mtoto akisema mama au baba, nilifungua. Wazazi waliipenda sana kanuni hiyo. Waliinama juu ya nusu-mlango wakitabasamu, wakingoja kutajwa, na hata mabwana wakubwa wenye saa za dhahabu walikuwa na wasiwasi kidogo mpaka mtoto afungue mdomo. Kwa siku niliuliza hivyo mara thelathini, arobaini. Mwanzoni kila "mama" ilinichoma. Baadaye ikawa kazi.

Mkataba ulikuwa miezi tisa baharini na miwili nyumbani. Nilipokuja likizo ya kwanza Mutheu alijificha nyuma ya sketi ya mama yangu, ambaye yeye alimwita Susu, kama watoto wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Susu alimtoa huko nyuma kwa mkono. "Huyu ndiye mama yako. Mimi ni Susu, huyu ni mama. Sema." Ilichukua wiki nzima, lakini akasema. Likizo ya pili alisema siku ya tatu. Nilikuwa mama, tena nilitajwa kwa sauti, mbele ya majirani. Nataka mjue hilo, ili mjue nilichokitupa ni nini.

Mutheu alipokuwa na miaka minne na nusu, meli yetu ilipangiwa kukaa Mombasa siku mbili ikipakia maji na chakula. Pasa, yule ofisa anayeshika karatasi zote za meli, alitangaza kwamba wafanyakazi wa hapa wanaweza kuleta jamaa zao wawili kutembea ndani kwa saa mbili alasiri. Sijui nilifikiri nini. Nafikiri niliwaza tu jinsi watakavyoshangaa. Nilimwandikia kaka yangu mkubwa, Musyoka, naye akawasomea barua na kuwapandisha basi.

Niliwakuta kwenye geti la bandari. Susu alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisa na kubeba kiondo cha muthokoi, kana kwamba kwenye meli watu hulala njaa. Mutheu alikuwa na sweta ya manjano aliyofumiwa kwa ajili ya baridi ya Mbooni, na katika joto la Kilindini jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Alipiga kelele "Mama!" akanikimbilia. Nilimbeba. Hapo ndipo nilipoona, nyuma ya walinzi, yaya mwenzangu akipita, nikamshusha Mutheu chini. Kwenye karatasi za Pasa sikuwa na mtoto. Matroni angekuwa mlangoni. Ningefukuzwa siku hiyo hiyo, mbele yao.

Nilimweleza Susu haraka haraka. Alikitua kiondo chini.

"Kalekye, unataka mtoto aseme uongo?"

"Mama, ni leo tu. Saa mbili tu."

"Na wewe hiyo kitu ulisema huko, kwamba huna mtoto, ulisema akiwa amezaliwa?"

Aliweka kiondo begani, akatangulia kuelekea kwenye meli bila kunisubiri. Mimi nikapiga magoti pale kwenye lami, kama nilivyopiga magoti kwa watoto wote wa dunia, nikamfuta Mutheu jasho kwa leso yangu.

"Ukiingia ndani usiniite mama," nikamwambia. "Niite Anti. Umesikia? Uniite Anti mpaka nikuambie."

"Mpaka uniambie," akasema.

Alikuwa mtoto mtiifu. Susu alimlea vizuri.

Ndani niliwatembeza, nikawaonyesha bwawa la kuogelea na ngazi za zulia. Susu hakushangaa kwa lolote, au alikataa kunipa raha hiyo. Tulipofika deki ya sita, Matroni alitoka kwa furaha yake yote. Ndani mlikuwa na watoto watatu wa abiria ambao wazazi wao walikuwa wameshuka mjini. Mmoja, msichana mdogo mwenye nywele nyekundu, alinikimbilia akanikumbatia mguu na kung'ang'ania hapo. Mutheu alimtazama. Kisha aliutazama mguu wangu, halafu uso wangu.

Matroni alitaka kumchezesha kama watoto wenyewe wa chumba. Alimwingiza ndani ya nusu-mlango, mimi akaniweka nje, akainama.

"Toto mzuri. Huyu nani?"

Niliinama juu ya ule mlango. Nimewaambia jinsi wazazi walivyoinama. Na mimi niliinama vile vile, sikujijua. Ndani ya kifua changu kulikuwa na mtu mmoja akiomba aseme mama na mwingine akiomba asiseme, na huyo wa pili alikuwa na nguvu zaidi. Nasema hivi nikiwa na aibu ya kuinua uso. Nilimkazia macho mwanangu ili akumbuke.

"Anti," akasema.

Matroni alicheka, akampa puto na biskuti. "Anti! Mzuri sana. Kalekye, fungua, chukua yeye."

Nilimpandisha basi na Susu jioni ile. Nilikuwa nimekusudia kumrudishia neno lake getini, lakini saa mbili zilipita, mlinzi akatuharakisha, kiondo kikasahaulika ndani nikakirudia mbio, na nilipotoka dereva alikuwa amewasha injini. Nilipunga mkono. Meli iliondoka asubuhi. Baharini nilijipongeza kwa kuponea chupuchupu.

Likizo iliyofuata nilishuka sokoni Kikima na masanduku mawili na kanda mpya ya nyimbo. Mutheu alinikimbilia njiani kama zamani, akasimama hatua tatu mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili kupokea masanduku.

"Karibu, Anti," akasema.

Majirani walikuwa wamesimama. Nilicheka kidogo, kama mtu aliyekanyagwa kanisani. Nilifikiri ameniona na yule mtoto wa nywele nyekundu akakasirika. Nilifikiri moyo wake umenihama. Ule utiifu wake sikuufikiria hata kidogo. Nilikuwa nimesahau maneno yenyewe niliyomwambia, nikakumbuka tu kwamba nilimwambia kitu. Na kumuuliza kulitaka nianze kusimulia pale getini, mbele ya mama yangu. Nikanyamaza. Susu aliniambia mara mbili, "Ongea na mtoto," nami nikamjibu kwamba atazoea tena. Likizo iliyofuata ilikuwa Anti. Iliyofuata, Anti. Ilifika mahali watoto wa Musyoka nao wakaniita hivyo, kwa haki yao, na yeye akapotea katikati yao.

Mngedhani hapo ningeacha kazi. Niliendelea. Niliendelea miaka kumi na saba yote pamoja, na nyumba ya mabati ya Susu ilijengwa na kazi hiyo, na karo ya Mutheu hadi kidato cha nne. Watu walinisifu. Matroni alipostaafu nilihamia meli nyingine, kubwa zaidi, nikawa mkuu wa mayaya saba. Chifu Stiwadi wa huko, Mgoa mmoja mpole aliyesimamia wahudumu wote, alinijazia fomu mwenyewe.

"Watoto wangapi, Mama Kalekye? Tuandike, kuna tiketi za jamaa kila mwaka."

Huko hawakujali. Nusu ya mayaya wale walikuwa na watoto na picha zao zilibandikwa juu ya vitanda. Hakuna aliyenitisha, hakuna ambaye angenirudisha. Na mdomo wangu ukasema, "Sina." Uongo wa kwanza nimewahi kuutafutia sababu. Huu wa pili hauna. Ilikuwa aibu tu: kama nina mtoto, kwa nini haniiti mama? Niliona heri asiwepo. Chifu Stiwadi akapiga mstari kwenye nafasi ile, akaniambia Mungu atanipa siku moja.

Na bado niliwafundisha wasichana wapya ile kanuni ya mlangoni, kwa ukali kuliko Matroni. Toto asiposema, hapana pa.

Nilistaafu mapema miaka ya tisini, magoti yalipokataa ngazi. Kila jioni nilikaa jikoni na Susu, wanawake wawili tukimsubiri msichana mmoja arudi Ijumaa kutoka Wote, ambako alikuwa akiuza katika duka la vifaa vya ujenzi. Alinisalimia kwa heshima. Aliniletea sukari. Kama mngemuuliza angewaambia Anti yake ni mtu mzuri. Hiyo ndiyo pensheni yangu.

Kisha akaja kijana wa Kiboko na wazee wake na ntheo, yaani wale mbuzi wa kwanza, ambao wakishachinjwa na kuliwa kwenu, kwa Wakamba msichana ameshakuwa mke. Nilishona gauni. Nilikaa kwenye benchi la mbele, Susu kwenye kiti chake cha kamba karibu na ukuta. Musyoka alisimama kwa upande wetu. Msemaji wa wale wageni, mzee mchangamfu, alimaliza habari za mbuzi, kisha akainua blanketi zito la mistari myekundu.

"Hii si ya mzee yeyote, msiiangalie hivyo," akasema, watu wakacheka. "Hii ni ya mama. Baridi ya huku kwenu tumeisikia. Msichana atuonyeshe mwenyewe. Mama yako ni nani?"

Mutheu alisimama akalipokea. Najua nilichokifanya kwa sababu niliuona mkono wangu mwenyewe ukishika ukingo wa benchi: niliinama mbele, nikangoja. Alinitazama. Haukuwa uso wa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri ishara, kitambo kizima, mpaka watu wakaanza kujikohoza, nami sikujua ni ishara ya nini, nikayashusha macho. Akapita mbele yangu, akamfunika Susu mabegani.

"Ni huyu," akasema.

Wanawake walipiga vigelegele. Hakuna aliyeshangaa. Mimi nilinyanyuka nikaenda nyuma, walikokuwa mashangazi, nikachukua kisu nikakata vitunguu, maana kwa vitunguu hakuna anayekuuliza.

Jioni kabla ya giza, wageni wakiwa wameondoka, tulibaki wawili nyuma ya jikoni na sufuria kubwa za kanisa, tukizisugua kwa jivu. Nilimwambia alifanya vizuri kumpa Susu. Nilimaanisha. Kisha, kwa sababu nilijua Jumapili ataondoka, nikamuuliza nililopaswa kuuliza miaka kumi na minane nyuma.

"Mutheu, ni lini uliamua kwamba mimi si mama yako?"

Aliacha kusugua. Alionekana kushangaa kweli.

"Mimi? Mimi sikuamua. Ni wewe uliniambia. Kwa geti ya meli. Ulisema nikuite Anti mpaka uniambie."

"Nilisema hivyo?"

"Ukasema mpaka uniambie. Nikangoja. Ukikuja likizo nilikuwa nakukimbilia kwa njia, nafikiri leo ataniambia. Nikiwa darasa la saba ndio niliacha kungoja." Alimwaga maji machafu kwenye migomba. "Leo pia nikakuangalia. Nikafikiri ukitikisa kichwa tu, nitaleta kwako."

Wasichana, nimevuka bahari tatu, nimebeba watoto sita kwenye kamba moja mawimbi yakipanda hadi dirishani, na sijawahi kuogopa neno kama nilivyoliogopa hilo dogo lililobaki kusemwa. Nilipangusa mikono kwenye leso. Nilipiga magoti, magoti haya mabovu, pale kwenye matope ya jivu, ili uso wangu uwe chini ya wake.

"Basi imetosha," nikasema. "Nakuambia leo. Unaweza kuacha."

Alinitazama, midomo yake ikasogea kidogo kama inayojaribu kitu. Kisha akanishika kiwiko, akaniinua taratibu kutoka kwenye tope.

"Sawa, Anti," akasema.